Ukinitajia Tarehe ya Yesu Kurudi, Umeninyang'anya Faraja

Jamani, hapa Dar es Salaam kuna makundi mawili ya watu ambayo sielewani nayo, na yote mawili tunagombana kwa jambo moja: tumaini la Wakristo kwamba Yesu atarudi. Kundi la kwanza ni wahubiri wanaolinadi tumaini hilo kama wapiga debe wa daladala ya mwisho kwenda Mbagala: panda, panda, nafasi mbili tu, gari linaondoka! Kundi la pili ni wasomi wenzangu, watu tuliokaa nao madarasani pale Mlimani. Hawa wakisikia habari za Yesu kurudi wanacheka pembeni na kusema hiyo ni kasumba ya maskini. Leo nataka niwajibu wote kwa mpigo. Na mahali pa kuwajibia nimepachagua makusudi: Wingwi, Pemba.

Najua mtashangaa. Wingwi? Huko si kwa Waislamu watupu? Naam, karibu wote. Wingwi iko Wilaya ya Micheweni, Mkoa wa Kaskazini Pemba, upande wenye maweni mengi, ambako karafuu zinazoipa Pemba jina hazistawi kama zinavyostawi magharibi ya kisiwa. Watu wanaishi kwa uvuvi, muhogo, mifugo kidogo na mwani. Utafiti wa bajeti za kaya wa mwaka 2004/05 uliikuta Micheweni ndiyo wilaya maskini kuliko zote Zanzibar. Gazeti lilinituma huko kuandika habari za bei ya mwani, nikakaa siku kadhaa. Mlutheri mmoja wa bara, kijidaftari mkononi, katikati ya watu wanaoswali mara tano kwa siku. Ukitaka kujua kama tumaini la Yesu kurudi lina maana yoyote nje ya kuta za kanisa, nenda kalipime mahali kama hapo.

Kuna jambo Wakristo wengi wa bara hawalijui, nalo ni hili: Waislamu nao wanamngoja. Hadithi za Mtume Muhammad zinaeleza kwamba Isa mwana wa Maryam atateremka kabla ya Kiyama, kwamba Dajjal atashindwa, na kwamba haki itatawala. Sisemi tunaamini kitu kimoja. Kwao Isa ni nabii na hakusulubiwa. Kwangu mimi Yesu ni Mwana wa Mungu, alisulubiwa, akafa, akafufuka. Hiyo si tofauti ndogo na sina nia ya kuifunika kwa maneno matamu ya mikutano ya amani. Lakini hebu fikiri: mtu wa Wingwi na mimi, pamoja na yote yanayotutenganisha, tunamngoja mwana wa Maryam.

Nilimuuliza mzee mmoja mvuvi, tumekaa barazani baada ya swala ya alasiri.

"Mzee wangu, hivi kweli nanyi mnamngoja Nabii Isa?"

"Twamngoja, mwanangu. Kwani nyinyi hammngoji?"

"Tunamngoja sana. Wengine huko kwetu wameshataja mpaka mwaka."

Mzee akacheka mpaka kofia ikamteleza. "Mwaka? Hao wamepewa na nani? Sisi hata mvua ya vuli twaikosea!" Akaendelea kusuka dema lake.

Tafadhali msipite haraka hapo. Yule mzee anaamini kwa moyo wote kwamba Siku ile ipo, na wakati huo huo anasuka dema la kuvulia kesho. Wala haoni mgongano wowote. Kina mama wanaolima mwani ni vivyo hivyo. Wanajua bamvua linaingia lini, maana bamvua lina hesabu yake: mwezi ukiandama na mwezi ukipevuka, maji yanatoka mbali, wanashuka kufunga mbegu kwenye kamba, na baada ya wiki kama sita wanavuna. Kwa jambo lenye hesabu wanatumia hesabu. Kwa jambo lisilo na hesabu wanamwachia mwenyewe. Hiyo ndiyo akili ninayoitetea leo, na ndiyo akili ambayo wapiga debe wetu wameipoteza.

Sasa niwaendee hao wapiga debe. Ndugu zangu wahubiri wa tarehe, historia yenu ni chafu na mnajua ni chafu. Mwaka 1844 kule Marekani wafuasi wa William Miller waliingoja tarehe 22 Oktoba. Siku ikapita kama siku nyingine zote, watu wakalia mpaka asubuhi. Mwaka 2011 mhubiri wa redio wa Marekani, Harold Camping, alitangazia ulimwengu tarehe 21 Mei. Ikapita. Akasogeza mpaka 21 Oktoba. Nayo ikapita. Mwaka uliofuata akakiri kwamba alikosea, lakini watu walikuwa wameshatoa akiba zao kulipia mabango.

Hao walau walibaki hai. Twendeni Uganda. Kanungu, tarehe 17 Machi 2000. Vuguvugu la Kurejesha Amri Kumi za Mungu, chini ya Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde, lilikuwa limewaambia watu kwamba dunia itaisha mwishoni mwa mwaka 1999. Watu waliuza mali wakakabidhi fedha. Mwaka 2000 ukaingia, jua likachomoza kama kawaida, na baadhi ya waumini wakaanza kudai chao. Kilichofuata ni kanisa lililofungwa milango na madirisha likateketea na mamia ya watu ndani, wakiwamo watoto. Baadaye polisi wakafukua makaburi ya halaiki katika nyumba za viongozi. Na kabla msomi hujasema "ni ujinga wa watu wa shamba", kumbuka kwamba mmoja wa viongozi wale alikuwa padri Dominic Kataribabo, mtu mwenye shahada ya uzamili aliyoichukua Marekani. Elimu haikumzuia. Tarehe ilikuwa na nguvu kuliko cheti.

Halafu Shakahola, Kaunti ya Kilifi, hapo tu jirani, mwambao huu huu wa Waswahili. Mwezi Aprili 2023 polisi wa Kenya walianza kufukua miili katika msitu ambako wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie waliambiwa wafunge kula mpaka wafe ili wakamlaki Yesu. Miili ikapita 400. Waendesha mashtaka wanadai kulikuwa na utaratibu, kwamba watoto ndio waanze kufa. Mackenzie na wenzake wamekana mashtaka, na kazi ya mahakama naiachia mahakama. Lakini fundisho lile mimi sihitaji hakimu ili niliseme jina lake. Ni uongo, na ni uongo unaokanushwa na kitabu kile kile walichokuwa wameshika mkononi.

Kwa nini nasema hivyo? Fungua Mathayo sura ya 25. Huko Yesu mwenyewe anaeleza atakaporudi atauliza nini. Haulizi kama ulijua tarehe. Haulizi kama ulielewa pembe za yule mnyama wa Ufunuo. Anauliza kuhusu wenye njaa, wenye kiu, wageni, walio uchi, wagonjwa na wafungwa. Haya niambieni: mtu anawezaje kumnyima mtoto uji kwa jina la Bwana ambaye swali lake la kwanza atakaporudi ni kuhusu mwenye njaa? Hapo hatubishani tena juu ya tafsiri. Hapo mtihani umegeuzwa juu chini, na aliyeugeuza anajiita mtumishi.

Msidhani haya yako Kenya na Uganda tu. Binamu yangu aliacha chuo mwaka wa tatu, amebakiza mihula miwili, kwa sababu mhubiri mmoja katika ukumbi wa kukodi hapa Dar alisema muda uliobaki hautoshi kumaliza shahada. Akatoa ada yake kama sadaka ya mbegu. Muda "uliobaki" ukaisha, mhubiri akasogeza mbele, akanunua gari. Binamu yangu leo anauza vocha. Usiku mmoja aliniambia kwamba kinachomuuma si ada. Kinachomuuma ni kwamba zamani, akiwa na huzuni, alikuwa akimfikiria Yesu anarudi na moyo unatulia. Sasa akifikiria jambo hilo hilo, moyo unamwenda mbio kama mtu anayedaiwa.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu yote. Mtu akikutajia tarehe, hajakuongezea faraja, ameiondoa. Waswahili wanasema subira ni ufunguo wa faraja. Tarehe inaua subira. Ukishapewa tarehe hungoji tena, unahesabu. Na anayehesabu siku zake za mwisho anaweza kuuziwa chochote: mafuta, maji, kiti cha mbele, hata njaa. Ndiyo maana Yesu katika Marko 13 alisema wazi kwamba siku ile haijulikani kwa malaika wala kwa Mwana, ila kwa Baba. Kama Mwana hakujipa ruhusa hiyo, wewe wa Kinondoni umepewa na nani? Yule mzee wa Wingwi aliuliza swali hilo hilo bila kusoma Marko.

Sasa nigeuke upande wa pili, kwa wasomi wenzangu. Nawaona mnapiga makofi, mnadhani nimekuja upande wenu. Hapana, subirini.

Ninyi mnasema tuachane na habari zote za Yesu kurudi, tujenge nchi, maana dini ni kasumba. Mnamtaja Karl Marx kwa nusu sentensi mliyoisikia mwaka wa kwanza. Mngesoma aya ile aliyoiandika miaka ya 1840 mngekuta kwamba alikiri pia kuwa dini ni namna ya mnyonge kulia na kuyapinga mateso yake. Lakini tuache vitabu, twende baharini.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I ilitoka Unguja kwenda Pemba. Ilikuwa imejaza watu kupita uwezo wake kwa mbali. Ikazama mkondoni karibu na Nungwi. Mamia waliokolewa. Miili iliyopatikana ilikuwa kama 200. Tume iliyoundwa na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ikahesabu wengine zaidi ya elfu moja kuwa hawakuonekana kabisa. Haikupita hata mwaka, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit nayo ikazama karibu na Chumbe. Ukizunguka Pemba hutembei muda mrefu kabla hujakutana na mtu aliyepoteza ndugu katika maji yale. Mimi wakati huo nilikuwa mtoto wa shule huko bara, nakumbuka tu redio. Wingwi nilikaa na mama mmoja ambaye hana kaburi la kwenda kulizuru. Hana jiwe, hana mti, hana hata nguo. Ana bahari, ile ile anayoshuka kufunga mwani wake.

Haya msomi, mwambie kitu. Utamwambia nini? Kwamba pato la taifa linakua? Kwamba boti za siku hizi ni za kisasa? Hayo ni mema kwa msafiri wa kesho. Kwa mtu wake aliyezama, mipango yote ya maendeleo haina hata neno moja. Hakuna mpango wa miaka mitano unaofufua mtu.

Tumaini la Wakristo lilizaliwa kwenye swali kama la mama huyu. Barua ya kwanza ya Paulo kwa Wathesalonike, iliyoandikwa karibu mwaka 50 Baada ya Kristo, ni kati ya maandishi ya kale kabisa ya Ukristo. Watu wa Thesalonike walikuwa na msiba. Walimngoja Yesu, wakaona wapendwa wao wanakufa kabla hajarudi, wakaogopa kwamba waliokufa wamekosa. Paulo katika sura ya nne anawajibu kwamba waliolala hawajasahauliwa, watafufuka kwanza. Hawapi tarehe. Hawapi ramani ya matukio ili wakajifiche msituni. Anamaliza kwa kuwaagiza wafarijiane kwa habari hiyo. Basi! Fundisho la Yesu kurudi liliandikwa kwanza kama salamu za rambirambi. Na Ufunuo sura ya 20 unasema hata bahari itawatoa wafu waliomo ndani yake. Soma habari hiyo ukiwa ofisini Posta, itakuwa ya kishairi tu. Isome ukiwa pwani ya Pemba, utaelewa kwa nini watu wameishika kwa karne ishirini.

Yule mama ni Mwislamu. Sikumhubiria, wala hakuniomba. Aliniambia kwamba Mwenyezi Mungu atamfufua mtoto wake hata kama ameliwa na samaki, maana aliyemuumba mara ya kwanza hashindwi mara ya pili. Nikasema, mama, sisi nasi tunaamini hivyo. Hatukusema zaidi. Niambieni, ni nani kati yetu pale aliyekuwa amelewa kasumba?

Mtasema: sawa, lakini tumaini hilo linawafanya watu wakae kimya wasidai haki. Hapo kuna hoja, na siikwepi. Wapo viongozi wa dini, wa pande zote, ambao meli ikizama wanasimama mbele ya kamera na kusema ni mapenzi ya Mungu, tuvumilie, dunia tunapita. MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996. MV Nyerere ikapinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Chombo kilichojaza watu kupita kiasi si mapenzi ya Mungu! Ni mtu aliyekata tiketi za ziada, na mwingine aliyefumba macho bandarini. Mhubiri anayemtumia Yesu kumfunika mtu huyo anafanya kazi chafu, sawa na yule wa tarehe. Mmoja anatumia ujio wa Yesu kukutia hofu, mwingine anautumia kukulaza usingizi.

Lakini ukilisoma fundisho lenyewe, linakataa kutumiwa hivyo. Wakristo tunapokiri imani yetu kanisani tunakiri kwamba atakayerudi anarudi kuhukumu. Kuhukumu maana yake nini? Maana yake faili halijafungwa. Pemba wanajua mafaili yaliyofungwa mapema. Tarehe 26 na 27 Januari 2001 vyombo vya dola viliwafyatulia risasi waandamanaji wa upinzani, na Micheweni ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizopigwa. Tume ya Hashim Mbita ilitaja waliokufa kuwa 31, Human Rights Watch ikasema hawakupungua 35. Zaidi ya watu 2,000 walivuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Mtu aliyepoteza ndugu siku ile akiamini kwamba yupo Hakimu anayekuja, hakimu asiyeteuliwa na mtu wala kuhongwa na mtu, je, hiyo ni dawa ya usingizi? Mimi naona ni kinyume chake. Ni kukataa kuambiwa kwamba yamekwisha. Aliyepaswa kulala usingizi wa mang'amung'amu ni yule aliyetoa amri.

Na anayeamini kwamba ipo hukumu ya haki hana sababu ya kuogopa kudai haki ndogo ndogo za hapa. Ukijua mwalimu anarudi darasani, huungani na wanaomwonea mtoto mdogo. Unaanza kusema kabla hajafika.

Pemba yenyewe ina ushahidi wa Wakristo waliongoja namna hiyo. Mwaka 1897, mwaka ule ule Sultani Hamoud bin Mohammed alipotia saini amri ya kuondoa utumwa Unguja na Pemba, Waquaker wa Uingereza walianzisha misheni yao Pemba, wakanunua shamba la karafuu Banani, karibu na Chake Chake. Waquaker ni Wakristo wanaosisitiza kwamba Kristo yupo sasa hivi, anafundisha ndani ya mtu, hivyo hawana haja ya kukaa paani kutazama mawingu. Theodore Burtt na wenzake waliwapa watumwa walioachiwa huru kazi ya ujira shambani. Sisemi walikuwa malaika. Walikuwa Wazungu wa zama zao, na karafuu zilihitaji vibarua. Lakini angalia jinsi walivyoelewa ufalme unaokuja: mtu aliyechuma karafuu jana bila malipo, leo achume kwa malipo. Mtu aliyetoka utumwani ana haki ya kuuliza ufalme wa Mungu unafikaje kwake, na jibu moja la haki ni kwamba unaanza na mshahara wake.

Na hata Paulo, baada ya kuwafariji Wathesalonike, ilibidi awaandikie tena. Katika barua ya pili, sura ya tatu, anawakemea watu walioacha kazi wakabaki kuzurura na kuingilia mambo ya wenzao, akawaagiza wafanye kazi kwa utulivu wapate chakula chao. Unaona? Ugonjwa ni wa siku nyingi, na dawa yake ni ya siku nyingi. Waswahili wanayo methali nyingine pia: ngojangoja huumiza matumbo. Subira ni ufunguo wa faraja na ngojangoja huumiza matumbo, methali mbili, na zote ni kweli. Tofauti iko mikononi. Mwenye subira anasuka dema. Wa ngojangoja amekaa tu, na wakati mwingine amekaa msituni na watoto wake wana njaa.

Sisi Walutheri tunapenda kusema kwamba Martin Luther alisema angejua dunia inaisha kesho, leo angepanda mti wa tofaa. Maneno mazuri sana, ila wanahistoria hawajayaona popote katika maandishi ya Luther. Ushahidi wa kale uliopatikana ni wa mwaka 1944, Ujerumani, katikati ya vita. Niliposimulia hayo Wingwi, mzee wangu wa dema akaniambia kwamba kwao jambo hilo lina asili yake: hadithi iliyopokewa na Anas bin Malik, iliyomo katika Musnad ya Imam Ahmad, kwamba Kiyama kikimkuta mtu ana mche mkononi na anaweza kuupanda, basi aupande. Nikajiambia, haya Mlutheri, umekuja na methali isiyo na baba, mwenyeji ana mapokezi kamili. Nimeichukua. Atakayeuliza nimeipata wapi nitamwambia Wingwi.

Kwa hiyo hoja yangu kwa wahubiri ni hii: rudisheni tumaini letu mlikolichukua. Lilikuwa la wafiwa, mmelifanya la wateja. Na ninyi wasomaji, siku mtu akikupa tarehe, muulize maswali matatu tu. Watoto wako wanasoma shule gani? Kiwanja ulichonunua juzi umekilipia kwa miaka mingapi ijayo? Na tarehe ikipita, utawarudishia watu chao? Akishindwa kujibu, ondoka, na umwondoe na mtoto aliyekaa jirani yako.

Kwa wasomi wenzangu: msimcheke mtu anayemngoja Yesu mpaka mtakapokuwa na neno bora zaidi la kumwambia mama asiye na kaburi. Mimi nimelitafuta katika semina zenu zote, sijalisikia bado.

Na kwangu mwenyewe, mwandishi wa habari ambaye kazi yangu inaishi kwa saa na tarehe, kwa habari za jana na magazeti ya kesho, hili ndilo jambo moja ninalofurahi kwamba halina tarehe. Linakaa pale, sitakiwi kuliwahi. Nikiandika habari ya meli iliyojaza kupita kiasi, naandika nikijua kwamba habari yangu inaweza kufungiwa maandazi kesho kutwa, lakini waliozama hawajafutwa mahali popote. Hilo linanitosha kuamka asubuhi na kwenda bandarini kuuliza imebeba watu wangapi.

Naomba kutoa hoja. Anayetaka kubisha, aje tubishane.